Kwetu Mwanamke Halii

Kuna kitenzi kimoja cha Kiingereza nakifundisha kila mwaka kidato cha pili, nacho ni tolerate. Nakiandika ubaoni, pembeni naweka maana yake, kuvumilia, halafu nawaambia wanafunzi watunge sentensi. Zamani nilikuwa nazisahihisha huku nakunywa chai. Siku hizi nazisahihisha kwa hasira. Watoto wa Bariadi, wasichana kwa wavulana, bila hata kuangaliziana, wanaandika kitu kilekile: mama anamvumilia baba, dada anamvumilia shemeji, bibi alivumilia njaa, mwanamke mwema huvumilia. Siku moja nikawauliza, "Baba yeye anavumilia nini?" Darasa zima likacheka. Kijana mmoja akasema baba anavumilia kelele za mama, wakacheka zaidi, na mimi mwenyewe nikajikuta nacheka nao.

Ukifungua kamusi utaona neno lenyewe lina kipimo ndani yake. Mifuko ya mbegu inayouzwa hapa mjini imeandikwa kwamba mahindi haya yanavumilia ukame, na bwana shamba akija anakueleza wazi: yanavumilia mpaka hapa, mvua ikikata zaidi ya hapa usimtafute mchawi. Daraja nalo linawekewa kibao cha uzito linaoweza kuuvumilia, na lori la pamba likizidisha linarudishwa. Lakini neno hilohilo likimwangukia mtu, na mtu mwenyewe akiwa mwanamke, kile kibao kinang'olewa. Unaambiwa vumilia, basi, na hakuna anayekuambia mpaka wapi. Nayasema haya kwa sababu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ameolewa Zagayu, kwa watu wa pamba na mahindi, watu wasio na makuu. Alikaa miaka mingi bila kushika mimba. Mume hakuwa na neno, lakini wakwe walianza kusema, kwanza kwa kuzungukazunguka, halafu waziwazi, mpaka kukatajwa binti wa jirani ambaye angeweza kuongezwa. Mimba ilipoingia, alinipigia simu akashindwa kuzungumza, akawa anacheka tu. Nikamwambia hatazalia kijijini, atakuja kwangu mjini mwezi wa mwisho, karibu na wauguzi. Akaja kipindi cha kuvuna pamba, mikono imechanikachanika kwa vikonyo vyake, tumbo limetangulia mbele. Nikamvua kandambili, nikamwambia akae chini, asiniguse hata ufagio.

Shangazi alimfuata baada ya siku chache. Huyu ni dada yake baba, na ndiye aliyetulea mama alipofariki, kwa hiyo mimi na mdogo wangu mpaka leo tunapiga goti kumsalimia. Ni mwembamba, mrefu, anatembea kama mtu aliyeitwa na hana haraka. Alileta khanga, unga wa uji na maneno. Unga tuliushukuru. Maneno ndiyo yaliyonipandisha mori kuanzia jioni ya kwanza.

Kwao yeye, na kwa wanawake wote waliomzunguka alipokuwa binti, mwanamke akishikwa na uchungu hapigi kelele. Anauma khanga, anafumba macho, anazaa. Akilia, habari inatembea. Itasemwa kisimani, itaimbwa kwenye harusi, na mtoto mwenyewe akiwa mkubwa ataambiwa mama yako alilia. Shangazi alizaa watoto wake wote hivyo, na mmoja alimzalia njiani akitoka kuchota maji, akaingia nyumbani na mtoto na ndoo. Hadithi hii tumeisikia mpaka tunajua pa kuitikia.

Mimi ndiye aibu ya ukoo. Nilizaa watoto wangu wote kwa makelele, tena makelele ya kweli, nikamtukana mume wangu, nikamtukana na daktari. Shangazi hakunisamehe. Kila kwenye mkusanyiko wa wanawake akinitambulisha anasema, "Huyu ni mwalimu, ndiye aliyewaamsha wagonjwa." Watu wanacheka, na mimi nacheka, maana ukikasirika ndiyo umemalizwa. Jioni ile alimtazama mdogo wangu akamwambia taratibu, "Wewe hutafanya kama mwalimu." Mdogo wangu akajibu, "Hapana, shangazi." Nilimkata jicho, akainamisha kichwa. Nilijua ameapa.

Uchungu ulimwanza alfajiri. Tukaita bajaji, tukaenda kituo cha afya ambacho sitakitaja. Kulikuwa na wodi ya nje ambapo wanaosubiri hukaa na ndugu zao, na mlango wa ndani ambao ukiitwa ndiyo unaingia kujifungua. Nesi aliyekuwepo alikuwa mmoja kwa wanawake wengi, binti mgeni, kahamishiwa kwetu juzijuzi kutoka mkoa mwingine. Alimpima mdogo wangu, akasema njia bado haijafunguka, atulie, atarudi kumpima tena. Sikuwa na neno naye. Alikuwa anakimbia kweli, jasho linamtiririka, na chai yake ilikuwa imepoa dirishani bila kuguswa.

Kosa lake lilikuwa moja, nami nililiona mapema kwa sababu nilikaa nikitazama mlango. Alikuwa anawapanga wanawake kwa masikio. Aliyepiga kelele, alikimbiliwa. Aliyenguruma, alipimwa. Aliyekaa kimya aliachwa, kwamba huyo bado yupo mbali. Sijui alikotoka wanawake wao wakoje, labda huko hesabu hiyo inalipa. Kwetu aliyenyamaza ndiye wa kukimbilia, lakini nani angemwambia? Wote tuliokuwepo tuliona ni sifa.

Jua likapanda, bati likaanza kulia kwa joto. Wanawake waliokuja nyuma yetu waliingia ndani wakilia kwa sauti, wengine wakatoka na watoto. Mdogo wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, pindo la khanga kalikunja mdomoni, miguu imekaza. Kila uchungu ulipomjia mishipa ya shingo ilisimama, halafu ikalala. Sauti, hakuna. Mama mmoja mzee wa kitanda cha jirani akamwambia shangazi kwa Kisukuma kwamba amelea vizuri. Shangazi akaitikia kwa kichwa tu, lakini niliona alivyojinyoosha mgongo.

"Unaendeleaje?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Salama, dada."

"Usinitanie. Unaumwa sana?"

Akamtazama shangazi kwanza, halafu akanitazama mimi. "Kawaida," akasema. Midomo yake ilikuwa imechanika mahali alipojing'ata.

Nikainuka nikaenda kwa nesi. Nikamwambia kwa adabu zote nilizobaki nazo kwamba mgonjwa wangu apimwe. Akaniambia, "Mama, yule ametulia kabisa. Nina wengine hapa wanasukuma." Nikamwambia kule kutulia ndiko kunakonitisha. Akanitazama kama mtu anayesikia mzaha wakati hana nafasi ya mzaha. "Mwenye uchungu mimi namsikia," akasema, akaingia ndani, mlango ukajifunga. Nilibaki nimesimama pale. Nilitaka kuugonga ule mlango, lakini nilisikia ndani mwanamke analia na nesi anambembeleza, nikashindwa.

Shemeji akapiga simu kutoka Zagayu. Nikampa mdogo wangu simu. Akameza mate, akavuta pumzi, akamjibu mumewe, "Mhola duhu," amani tu, kwa sauti ileile ambayo mtu angeitumia akiwa anachambua mchele. Baada ya hapo akanirudishia simu, uchungu ukamkuta katikati, vidole vyake vikaniparua mkono. Alama zake nilikaa nazo wiki nzima. Na bado hakutoa sauti.

Halafu, mchana jua likiwa utosini, aliachia pindo la khanga likaanguka. Uso wake ukalegea. Akasema kwa mshangao, "Dada, uchungu umeacha."

Shangazi akamshukuru Mungu. Akasema hilo ni pumziko, mtoto anajiandaa, hata yeye ilimtokea, alale kidogo. Akamfunika miguu. Yule mama mzee naye akasema ndivyo ilivyo. Wote wawili walikuwa wamezaa watoto wengi kuliko mimi na walisema kwa upole na uhakika, na kwa kitambo kifupi niliwaamini, nami nikapumua.

Lakini rangi yake ilikuwa inamtoka. Midomo ilipauka ikawa kama imepakwa majivu, na jasho lake sasa lilikuwa la baridi. Nikaweka mkono tumboni kwake, akashtuka mwili mzima, akafumba macho, akanyamaza. Nikainama nikamuuliza sikioni, "Kuna kitu gani? Niambie mimi." Macho yakaenda kwa shangazi. Hapo nikaelewa kwamba mdogo wangu atakufa mbele yangu kwa sababu shangazi amekaa pale.

"Shangazi," nikasema, "toka nje."

Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kumwambia shangazi maneno hayo. Hata baba, aliyekuwa mdogo wake, hakuthubutu. Aligeuka polepole.

"Unanifukuza mimi?"

"Nakuomba utoke, nizungumze naye."

"Mimi niliyekubeba mgongoni, unanitoa kwa mwanangu?" Hakupandisha sauti. "Unataka alie. Unataka afanane na wewe. Mwache mwenzako avumilie."

Hilo neno. Ningekuwa na kitu mkononi siku ile sijui ningefanya nini nacho. Nilikwenda tena kwenye mlango wa ndani, nikagonga, nikagonga, ndani wakanipigia kelele nisubiri. Nikarudi katikati ya wodi. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu na macho yake yalikuwa yanatazama ukutani bila kuona. Ndipo nikapiga mwano.

Mtu asiye wa huku anaweza kufikiri ni yowe la kawaida. Sivyo. Mwano ni ule wito wa hatari, sauti ya juu ya kuvuta, unaopigwa ng'ombe wakiibwa au nyumba ikishika moto. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha sahani, unakimbia kuelekea unakotoka, na asiyekwenda ana kesi ya kujibu kijijini. Anayeupiga bure naye ana kesi, tena kubwa zaidi. Sikuwahi kuupiga maishani mwangu. Sikujua hata kama koo langu linauweza, mimi mtu wa mjini na chaki zangu. Ulitoka. Niliupiga mara ya kwanza, nikavuta pumzi, nikaupiga tena, na niliona nyuso za wanawake wote vitandani zimebadilika.

Wakaja. Kwanza walinzi wa getini, halafu madereva wa bodaboda waliokuwa kivulini, wauza ndizi, wanaume waliokuwa wakisubiri wake zao, mfagiaji na fagio lake, wengine wameshika mawe. Wodi ya wazazi ikajaa wanaume. "Yuko wapi? Kapita wapi?" wanauliza. Nesi akatoka ndani mbio, glavu mkononi, kwa sababu jengo zima lilikuwa linakimbia. Akanifokea kwamba nina wazimu, nimeingiza watu kwenye wodi, atanishitaki. Nikamwambia, "Nishitaki. Mpime kwanza."

Akamsogelea mdogo wangu ili tu anyamazishe hizi fujo, nadhani. Akaweka mkono tumboni. Akatoa kile kikombe chao cha kusikilizia moyo wa mtoto, akaweka sikio, akahamisha, akaweka tena, akahamisha tena. Watu wote walikuwa wamenyamaza, hata wale wenye mawe. Alipoinuka hakuwa tena na hasira na mimi. Alimwita daktari kwa sauti nyembamba iliyokatika katikati, na ndipo nilipoogopa kweli. Wakamsukuma mdogo wangu mbio kwenda chumba cha upasuaji. Alipopita karibu yangu alikuwa amefumba mdomo.

Tukakaa nje kwenye benchi. Shangazi akakaa upande mmoja na mimi upande mwingine, katikati tukaacha nafasi ya mtu. Daktari alituma mtu kusema inahitajika damu. Nikatoa mkono wangu, na wanaume kadhaa waliokuja na mawe wakaenda kupanga foleni wapimwe, bila kuuliza ni nani anayeumwa. Mmoja, dereva wa bodaboda, alinipita akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, leo umetukimbiza." Nilitaka kumshukuru lakini sauti ilikuwa imekwisha. Shangazi alikuwa amefunga mikono kifuani akitazama mlango. Sikumwangalia. Nilikuwa namchukia, naomba niseme ukweli, nilimchukia kwa muda wote ule na nilijihesabia haki.

Daktari alipotoka aliniita mimi pembeni. Mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika. Mama amepona. Mtoto hawakumuwahi, alikuwa wa kiume, na mfuko wenyewe ilibidi wautoe ili damu isimame. Alisema kwa upole, akanishika bega. Niliuliza swali la kijinga, kama atazaa tena, na akarudia maneno yaleyale taratibu zaidi. Nikarudi kwenye benchi nikamwambia shangazi. Nilimwambia yote kwa mkupuo, kwa ukatili, nikitaka yamchome. Alitoa khanga mpya kwenye kifurushi chake, akaenda kuomba apewe mtoto, akamfunga mwenyewe.

Kwetu mtoto asiyevuta pumzi hafanyiwi matanga. Wanawake wachache wanamzika kimyakimya karibu na nyumba, mama yake anaambiwa avumilie, na kazi zinaendelea. Nilijua hivyo ndivyo itakavyokuwa. Shemeji alikuwa njiani anakuja, na simu zake sikuzipokea.

Mdogo wangu aliamka jua likiwa limeshuka. Wodi ilikuwa imetulia, wanawake wananyonyesha. Shangazi alisimama upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, maana bado tulikuwa hatuzungumzi. Mdogo wangu alipapasa tumbo lake chini ya shuka, mkono ukasimama.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia habari ya mtoto tu, ile nyingine nikaona siku haiwezi kubeba. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikitaka, nilikuwa tayari kumshikilia, nilikuwa tayari kupambana na kituo kizima akiambiwa anyamaze. Alitazama bati. Kisha akageuza kichwa kwa shida, akamtafuta shangazi kwa macho, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyerudi na ripoti ya shule.

"Shangazi," akasema, "sikulia."

Shangazi alifungua mdomo kumjibu. Badala yake akashuka sakafuni, akaweka paji la uso kwenye ukingo wa kitanda, na kikamtoka kilio ambacho sikujua kama kimo ndani ya mwili mwembamba namna ile. Alilia kwa sauti kubwa, wazi, mbele za watu. Wanawake waliinua vichwa. Yule mama mzee alifunika uso kwa khanga yake. Nesi alikuja mpaka mlangoni, akasimama hapohapo.

Mdogo wangu alinyoosha mkono wenye dripu, akaanza kumpapasa shangazi kichwani, taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto. "Vumilia, shangazi," akawa anamwambia. "Vumilia tu."

Nikaushika ule mkono wake nikauondoa. Nikamwambia anyamaze, amwache shangazi alie.